Ukuta wa Daraja, Ng'ambo ya Rumangabo

Mara ya kwanza kumwona mama yule, alikuwa ameketi nje ya geti la ofisi moja pale Himbi, juu ya jiwe, amevaa sweta ya kiume juu ya kitenge, na viatu vyake vya plastiki vimegandwa na tope la mbali. Mimi na yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, tulikuwa tunajenga ua wa mawe kwenye nyumba ya jirani. Asubuhi tulipofika kazini tulimkuta, jioni tulipokusanya nyundo tulimwacha. Mlinzi alikuwa amechoka kumfukuza. Hatukumwuliza kitu. Goma imejaa watu wanaongoja nje ya mageti, na ukianza kumwuliza kila mmoja shida yake hutalala.

Siku moja mvua ilishuka kwa hasira, akaja kujibanza chini ya turubai letu. Yaya akammiminia chai.

"Mama, unatafuta kazi humu ndani?" yaya akamwuliza.

"Hapana, papa. Ninatafuta ukuta."

Tukacheka, tukidhani anatania. Hakuwa anatania. Alitueleza kwamba anakaa kando ya daraja, ukipita Rumangabo kama unaenda Rutshuru, na kwamba anachoma mahindi pale anauzia wasafiri. Mume wake alikuwa msukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao inayobeba viazi na makaa. Asubuhi moja ya ukungu, mume wake alipishana na lori juu ya daraja, akasogea pembeni kidogo, na ukuta wa pembeni haukumzuia.

"Ukuta ya pale inafika hapa," alisema, akagusa goti lake. "Mutu akiguswa tu, ameenda. Si yeye wa kwanza. Ninataka wapandishe ukuta. Basi."

"Na hawa watu wa hii ofisi wanajenga madaraja?"

"Mimi sijui, papa. Ninaona tu gari zao zinapita juu yake kila wiki. Na wao hawataki kuanguka."

Sikumwamini. Nilijua ofisi za Himbi. Lakini mle ndani kulikuwa na mhandisi, mwanamke wa Butembo, mtu wa maneno machache, ambaye kumbe alikuwa akimtazama mama yule kutoka dirishani siku zote hizo na kuona haya. Mwishowe alitoka mwenyewe, akafungua mlango wa gari, akamwambia, "Mama, panda, twende unionyeshe." Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye ua wetu, akaupapasa ukuta, akainama kuangalia jinsi mawe yalivyoshikana, akauliza ni nani fundi. Nikamwonyesha yaya kwa kidole. Yaya akajifuta mikono kwenye suruali.

Hivyo ndivyo tulivyopata kazi ile. Siku zile niliiona kuwa bahati.

Sisi asili yetu ni upande wa Bukavu. Baba alikuwa fundi wa mawe wa misioni, akatuvusha ziwa tukiwa vijana, wakati volkano ilipozika nusu ya mji wa Goma. Wengine walikuwa wanakimbia, yeye alikuja. Alisema mji uliozikwa kwa mawe utahitaji watu wanaojua mawe. Hakukosea. Tulijenga nyua, misingi, vyoo, makaburi, ngazi za kanisa. Alipofariki, yaya alichukua nafasi yake nyumbani na kazini. Alikuwa mrefu, mkimya, sauti ya besi kwenye kwaya ya parokia. Kazi ikimwendea vizuri alikuwa anaimba sehemu yake ya besi peke yake, bila zile sauti nyingine, kwa hiyo hukuweza kujua ni wimbo gani. Mimi nilizoea. Nilijenga maisha yangu juu ya ile sauti bila kujua.

Daraja lilikuwa zee, la tao moja, la mawe meusi yaliyochongwa enzi za Wabelgiji. Chini yake hakuna mto wa kudumu. Kuna korongo lenye miamba, kavu kwa siku nyingi, lakini mvua ikinyesha milimani linashusha maji ya kahawia yenye migomba na mawe ndani yake.

Mhandisi alitueleza jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Ukuta haukujengwa mfupi. Barabara ndiyo iliyopanda. Kila aliyekuja kutengeneza barabara alimwaga changarawe juu ya ile ya zamani, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukuta uliokuwa wa kifuani ukawa wa magotini. Tena mawe bapa ya juu, yale yanayoufunika ukuta usinywe maji, mengi yalikuwa yamegongwa na malori na kuanguka korongoni. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kuondoa safu za juu zilizolegea, kusafisha viungo, kisha kupandisha ukuta upya hadi kifuani, pande zote mbili.

Tulilala kwenye chumba cha nyuma cha mama yule. Alfajiri alikuwa anawasha makaa yake, sisi tunashuka korongoni kwa kamba kutafuta mawe ya zamani. Yaya hakutaka kuchonga mapya kama ya zamani yapo. Tuliyakuta katikati ya vitu vilivyoanguka na watu: sufuria iliyobonyea, kiatu kimoja, usukani wa chukudu, gurudumu la mbao lililovishwa mpira. Yaya alipoliona gurudumu lile alilifunika haraka kwa majani ili mama asilione. Lakini mama alikuwa juu anatutazama.

"Hiyo si yake," alitupigia kelele. "Yake ilikuwa na misumari mingi."

Basi tukaendelea kufunga mawe kwa kamba na kuyavuta juu.

Mhandisi alituletea chokaa, akakataza tusitumie simenti tupu. Alisema simenti ni ngumu kuliko mawe ya zamani, daraja likitikisika itayapasua. Yaya alinung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili aliichanganya chokaa na mchanga mwenyewe, akaipima kwa vidole, akaipenda. Baada ya safu kadhaa aliweka jiwe refu linalopita unene wote wa ukuta, kutoka upande wa barabara hadi upande wa korongo, ili nyuso mbili zishikane. Kila alipoweka jiwe la namna hiyo alilipiga kwa kiganja mara moja, kama mtu anayemuaga mgeni mlangoni.

Tulifunga nusu ya barabara, tukafanya upande mmoja kwanza. Wasukuma chukudu walikuwa wanapita wanatutania: "Mafundi, mutapandisha mpaka mbinguni?" Mama alitukagua kuliko mhandisi. Alipoona matundu tuliyoyaacha chini ya ukuta kwa ajili ya maji, alikuja juu.

"Haya mashimo ni ya nini? Mutoto ataingiza kichwa."

"Mama, bila haya maji yatasimama barabarani, yatasukuma ukuta," yaya akamwambia.

Alipiga magoti, akaingiza ngumi yake kwenye tundu moja, ikakwama. Akaridhika. "Sawa. Kichwa haipiti."

Siku tulipomaliza upande wa kwanza, kabla hata hatujaondoa uzi wa kunyooshea safu, msukuma chukudu mmoja alisimamisha mzigo wake wa makabichi, akaegemea ukuta kwa kiwiko, akafunga macho. Nyuma yake akaja mwingine, naye akaegemea. Hakuna mtu aliyewahi kupumzika juu ya daraja lile. Watu walikuwa wanalivuka kwa haraka, wakishika katikati ya barabara. Mama alihamisha jiko lake la mahindi, akaliweka juu ya daraja lenyewe, mgongo wake ukutani. Yaya alianza kuimba besi yake. Nikikumbuka furaha niliyokuwa nayo jioni ile, ninaumwa. Mtu hapaswi kufurahi namna ile kwa sababu ya mawe.

Vita vilishuka tukiwa tumebakiza kipande kidogo cha upande wa pili.

Tulikuwa tumezoea kusikia mizinga mbali, kwenye vilima. Mtu wa Goma anajua kupima mlio, anajua upi ni wa kuacha kazi na upi ni wa kuendelea. Asubuhi ile mlio ulikuwa wa kuendelea, kisha ghafla haukuwa tena. Barabara ilijaa. Kwanza walikuja vijana wanaokimbia bila mizigo, kisha akina mama na magodoro, mbuzi, wazee waliobebwa kwenye viti, pikipiki zenye watu wanne. Wote walikuwa wanashuka kuelekea Goma na wote walipaswa kupita kwenye daraja letu.

Niliona umati ukibanwa mle juu kama maji kwenye mfereji. Watu walisukumwa ukutani, wakabanwa kifuani na mawe, na ukuta ukawashika. Niliona mwanamke mwenye mtoto mgongoni akisukumwa mpaka kichwa cha mtoto kikawa juu ya korongo, lakini mama yake hakuanguka. Kama ungekuwa ule wa magotini, sijui wangeanguka wangapi.

Ila kulikuwa na ile nafasi tuliyokuwa hatujaijenga. Upana wake ni kama mlango wa nyumba. Yaya aliiona kabla yangu. Aliacha mwiko, akaenda kusimama ndani yake, akawageuzia watu uso na korongo mgongo, akashika mawe ya huku na huku kwa mikono miwili.

"Mudogo, kuja!" aliniita.

Nikaenda. Tukafungana mikono, tukawa tunasukumwa na mabega ya watu, magodoro, pembe za mbuzi. Mimi nilikuwa nahesabu Salamu Maria na kuzipoteza. Yaya alikuwa anapaaza sauti tu: "Katikati! Pitieni katikati!" Visigino vyangu vilikuwa kwenye ukingo wa tao. Nilisikia vijiwe vikidondoka nyuma yetu na sikusikia vilipofika chini.

Watu walipopungua, mama alitujia na sufuria yake kichwani. Alikuwa ameacha kila kitu kingine. "Twende sasa," alisema. Tukaenda naye kwa miguu, na vyombo vyetu begani, hatukumalizia kile kipande.

Mjini, mama alipata mahali kwenye kambi ya wakimbizi pembeni mwa Goma, kibanda cha turubai jeupe juu ya mawe makali ya volkano. Tulitaka akae kwetu. Alikataa, alisema nyumba yetu imejaa, na ilikuwa kweli. Yaya alikuwa anamtembelea baada ya misa. Alimjengea kiukuta kidogo cha kuzuia upepo, bila chokaa, mawe juu ya mawe. Mama alimtazama akifanya kazi, akamwambia, "Hapa hakuna wa kuanguka, papa. Pumzika." Lakini hakupumzika. Nyumbani alikuwa hali vizuri. Mke wake aliniambia kwamba usingizini anasema, ile nafasi, ile nafasi.

Kisha vita viliingia mjini kwenyewe. Sitaki kueleza siku zile. Kila mtu wa Goma anazo zake, na zangu si mbaya kuliko za mwingine. Zilipopita, tulikuwa na watu wapya wa kututawala, ofisi nyingi za Himbi zilikuwa zimefungwa, benki zimefungwa, na watu wa makambi wameambiwa warudi kwao. Mama alirudi. Mhandisi alimpigia yaya simu kutoka mahali fulani mbali, mawasiliano yakikatika.

"Muzee, munisamehe," alisema. "Sikuweza kumaliza kazi yenu."

"Madamu, si wewe," yaya alijibu. "Kipande ni kidogo. Tutamaliza."

Nilidhani anamfariji tu. Kumbe alikuwa ameshaamua. Barabara ilipofunguka, alinikuta ninachota maji, akasema, "Kesho tunaenda darajani." Nilimwuliza nani ametutuma, nani ametuomba. Akanitazama kana kwamba nimeuliza nani ametuomba kupumua. Nikaenda. Ndugu yako akikutazama vile, unaenda.

Tulikuta upande wa kwanza, ule mzuri, umesimama. Upande wa pili ulikuwa umeng'olewa karibu nusu. Wapiganaji, sijui wa upande upi, walikuwa wamechukua mawe ya juu wakajijengea mahali pa kujificha kwenye ukingo wa barabara, kisha wakayaacha. Mawe mengine yalikuwa yamerudi korongoni. Chokaa tuliyoiacha kwenye chumba cha mama ilikuwa imepata unyevu na kuwa mwamba. Yaya alizunguka, akagusa hapa na pale. Halafu akasema, "Mawe yapo," akaanza kuvua koti.

Tulijenga bila chokaa, kama alivyomjengea mama kule kambini, tukichagua kila jiwe likalie lenzake. Ni kazi ya polepole. Mama alitupikia. Wapita njia hawakututania tena, walipita wameinamisha vichwa. Lakini mmoja mmoja walisimama, wakatusaidia kuvuta jiwe kutoka chini, wakaenda zao. Tulifunga ile nafasi. Yaya aliweka jiwe refu pale pale aliposimama siku ile, akalipiga kwa kiganja. Nilimsikia anaanza kuimba, chini chini.

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na barieri, kizuizi cha askari wa wale watawala wapya, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Walikuwa wanatuona siku zote na hawakusema kitu. Siku tulipokaribia kumaliza, mkubwa wao mpya alifika kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa heshima, hata alitusalimia kwa mkono.

"Kazi nzuri, wazee," alisema. "Lakini huu ukuta unatuziba macho. Mtu anaweza kujificha nyuma yake, anaweza kupanda kutoka bondeni hatumwoni. Utashushwa."

Yaya alimweleza. Alimweleza vizuri, kwa adabu, kuhusu ukungu, chukudu, barabara iliyopanda, umati wa siku ile. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ninaelewa," alisema. "Pande zote mbili. Mpaka magotini. Na ninyi ndio munajua ulivyojengwa, basi ninyi ndio mutabomoa."

Mama alikuwa amesikia. Aliacha jiko, akaja, akapanda juu ya ukuta wa upande wa kwanza, akakaa juu yake, miguu upande wa barabara, amekunja mikono. Hakulia wala hakutukana. Vijana wawili wenye bunduki walimfuata, wakasimama, kwa sababu ukimshika vibaya mtu aliyekaa pale mnaweza kwenda chini wote.

"Mwambieni ashuke," mkubwa alituambia. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Yaya alimwendea. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Mama, shuka."

"Wewe ndio unaniambia?"

"Ni mimi. Shuka, mama. Hawa hawatangoja."

Mama akanyoosha mkono, yaya akamshika, akashuka kama mtu anayeshuka kwenye gari. Alikwenda kwenye nyumba yake akafunga mlango.

Tukabomoa. Tulianza na ule mkavu, usio na chokaa, na huo haukuchukua muda. Kisha ukaja ule wa chokaa. Nilikuwa naomba kimoyomoyo kwamba tuwe tulifanya kazi mbaya. Hatukufanya. Chokaa ya mhandisi ilikuwa imeshika sana, tulipiga kwa nyundo kubwa na mtaimbo mpaka viganja vikachubuka, na mawe marefu ya yaya hayakutaka kutoka. Moja yaya alilivuta, akaliacha, akaliegemea, mgongo wake unapanda na kushuka. Kijana mmoja wa bunduki akasema, "Muzee, fanya haraka, jua linaenda," si kwa ubaya, alikuwa na njaa tu.

Mwanzoni yaya alikuwa anayapanga mawe kando ya barabara, makubwa na makubwa, bapa na bapa. Mkubwa akaona.

"Hapana. Tupa chini."

"Yatasaidia siku nyingine, chef."

"Tupa chini."

Alitupa. Mawe ambayo tuliyavuta kwa kamba kutoka korongoni tuliyarudisha korongoni. Kila moja lilikuwa linachukua muda kabla ya kugonga. Nilijaribu kutosikiliza. Yaya alikuwa anasikiliza kila moja, alisimama na kungoja mpaka ligonge ndipo achukue lingine, na hata yule kijana hakumharakisha tena.

Njiani kurudi Goma tulipanda lori la makaa. Tulifika Kibumba. Pale yaya akasema, "Baba alikufa wakati mzuri."

Hakushika nyundo tangu siku hiyo. Nilimletea kazi, kwa sababu kazi za ua zipo bado. Wenye nyumba za Himbi wanataka nyua ndefu zaidi kuliko zamani, juu wanachomeka vipande vya vioo. Nilimwambia tuanze Jumatatu.

"Jenga wewe," alisema.

"Na wewe, yaya?"

"Mimi nimemaliza."

Akawa anaenda bandari ya Kituku kupakua magunia kwenye mitumbwi mikubwa inayotoka ng'ambo, pamoja na vijana wasiomjua. Niliumia kumwona, mtu wa umri wake, gunia la muhogo kisogoni, anapanda ule mteremko wa ufukweni wenye magamba ya samaki. Nilimwambia aibu ni yetu sote. Akasema gunia likishushwa limeshushwa, hakuna atakayekuambia ulirudishe. Kwenye kwaya walimngoja, kisha wakampa mwingine nafasi yake.

Halafu, asubuhi moja, mke wake alinipigia simu kwamba wamepanda boti na mizigo. Wamekwenda upande wa kwetu wa zamani, ambako ndugu za mama yetu wana shamba la muhogo kwenye mteremko. Hakuniaga. Nilikimbia Kituku, nikakuta akina mama wanapanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye mabeseni na maji yamekwisha kufunga nyuma ya boti. Tunazungumza kwenye simu mara moja moja. Ananiuliza watoto, ninamwuliza muhogo. Sauti yake ni ile ile lakini anaitumia kidogo.

Mimi nimebaki na nyua. Nazijenga vizuri, kwa sababu mikono haijui kujenga vibaya, lakini nikimaliza sirudi nyuma kuutazama ukuta kama zamani. Mwenye nyumba akinisifu, ninasema aksanti na kuomba maji ya kunawa. Zamani nilikuwa naamini kwamba ukiweka jiwe mahali pake, umelifanya jambo. Sikuwahi kulisema hivyo, lakini ndivyo nilivyoishi. Sasa nikiweka jiwe ninamwona tayari mtu atakayelitoa, na mara nyingi ana uso wangu.

Majuzi nilipita pale. Shangazi wa mke wangu alikuwa amefariki Rutshuru, tukakodi gari na watu wengine wa msiba. Kulikuwa na ukungu tangu Rumangabo, ule mzito unaoingia mpaka ndani ya gari. Dereva alisimama.

"Tushuke," alisema. "Hapa kuna daraja baya. Gari nitaivusha peke yangu, ninyi mutapita kwa miguu."

Sikumwambia kwamba ninalijua. Tulishuka, tukashikana nguo kama vipofu. Mbele yetu kulikuwa na sauti: mtu anapiga bidoni, dumu tupu la maji, kwa kijiti, taratibu, bila kupumzika. Dereva alituambia tuufuate ule mlio, tuuache upande wa kulia, tusiupite. Tulipoufikia nikamwona. Alikuwa amesimama kando kabisa ya barabara, mahali ukuta unapoanza kuwa wa magotini, amevaa sweta ile ya mume wake, umande kwenye nywele. Nilimwamkia. Alinijua kwa sauti kabla ya uso.

"Fundi," alisema. Hakuacha kupiga. "Yaya wako?"

"Yuko ng'ambo ya ziwa, mama. Analima."

"Ni vizuri. Alichoka."

"Na wewe?"

Chukudu ilikuwa inashuka mle ndani ya ukungu, tulisikia mbao zake zikilia, naye akapiga kwa nguvu zaidi mpaka msukuma akapaaza sauti kwamba amesikia, akapita karibu nasi bila kuonekana.

"Ninapiga tu asubuhi za namna hii," aliniambia. "Jua likitoka ninaenda kwa mahindi yangu. Watu wa barieri wananiachia."

"Tangu lini?"

"Tangu mutu wa tatu aanguke."

Nilitafuta neno la pole, nikakuta nimeshalitumia lote kwa wafiwa niliokuwa nao garini. Nikamwuliza swali la kijinga.

"Na siku ukiwa mgonjwa, mama, nani anapiga?"

"Hakuna mutu."

Dereva alikuwa ameshavusha gari na anapiga honi upande wa pili. Wenzangu wa msiba walinivuta shati. Tulivuka katikati ya barabara, nikapanda, na mwanamke aliyekaa kando yangu akaniuliza kama yule mama ana kichaa. Nikamwambia hapana.